Kimetoka Wapi, Kimefika Lini? Mwongozo Kamili wa Kununua Vyakula Bora vya Nyumbani

Hakuna fundi wa jikoni anayeweza kumfufua samaki aliyeshinda juani. Mtie ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili za kila rangi, kilichoharibika kimeharibika. Na unga uliosagwa kwa mahindi yenye ukungu, hata ukiusonga saa nzima, bado ni unga wa mahindi yenye ukungu. Mapishi yanaanzia sokoni.

Nanunua chakula cha nyumba ya watu saba hapa Dar es Salaam, na nimeona mara nyingi jinsi pesa ileile inavyoweza kuleta chakula kizuri au kibovu kutegemea nani ameshika kikapu. Mambo mengi nitakayoeleza yanarudi kwenye maswali mawili ninayomuuliza kila muuzaji: hiki kimetoka wapi, na kimefika lini? Anayeijua mali yake hakosi jibu. "Nyanya za Ilula hizi mama, zimeshuka usiku huu." Anayebabaika, au anayekujibu "we chukua tu mama, ni nzuri," mwache na bidhaa yake usogee meza ya pili.

Hatua ya 1: Anzia nyumbani

Fungua makopo yote kabla ya kuandika orodha. Kisha gawa mahitaji yako mafungu matatu: ya mwezi (mchele, mahindi, maharage, mafuta, chumvi), ya wiki (vitunguu, viazi, nazi, matunda) na ya siku moja au mbili (mboga za majani, samaki, nyama). Wengi wetu tunapata hasara kwa kununua cha siku moja kwa kipimo cha wiki. Mchicha wa mafungu sita unaonekana rahisi sokoni, lakini Jumatano mafungu matatu yako kwenye ndoo ya taka.

Beba kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kama isingepigwa marufuku, mboga ndani ya plastiki hutoa jasho na kuoza haraka. Ukinunua samaki, beba na ndoo ndogo yenye mfuniko.

Nenda mapema, na ufuate bidhaa inakoshukia. Kwa nafaka mimi huenda Tandale, ndizi na matunda Mabibo, samaki Feri, mbogamboga Ilala. Huwezi kuzunguka kote kila wiki, na si lazima. Nafaka naifuata mara moja kwa mwezi. Ndani ya soko, anza na vikavu, fuata matunda na mboga, malizia na nyama na samaki, ili vinavyoharibika haraka vikae njiani muda mfupi kuliko vyote.

Hatua ya 2: Nafaka na karanga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanaogopa samaki aliyechina kuliko mahindi yenye ukungu, wakati mahindi ndiyo tunayokula kila siku.

Ukungu uitwao Aspergillus flavus huota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa bila kukauka vizuri, na hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kukuonya, na moto wa jikoni hauimalizi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ikiingia kwa wingi huua ndani ya siku chache. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi ya aina hiyo. Mwaka 2016 yakatufika na sisi, Dodoma na Manyara, na watu wakafa kwa chakula walichokilima wenyewe.

Kwa hiyo usinunue mahindi kwa kutazama juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka katikati, toa konzi, mwaga kiganjani. Tafuta punje zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, zilizosinyaa, zilizovunjika au kubunguliwa. Mbili tatu katika konzi ni za kawaida. Zikiwa nyingi, ondoka. Nusa: mahindi mazuri yananukia vumbi la shamba, si chumba kilichofungwa. Ng'ata punje moja: iliyokauka hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea jino likaacha alama.

Kuna kipimo kingine cha nyumbani ambacho mabwana shamba huwafundisha wakulima, nami nimekitumia mara nyingi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu kiasi, jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na hayafai kuhifadhiwa. Ikianguka chini yote, yamekauka. Muombe muuzaji mfuko mdogo wa sampuli ukapime nyumbani kabla ya kununua gunia. Anayekataa kukupa konzi mbili za mahindi ana sababu yake.

Sasa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, na sembe, wa yaliyokobolewa. Dona ni bora kwa mwili, kwa kuwa pumba na kiini cha punje, penye nyuzinyuzi na vitamini nyingi, vinabaki ndani ya unga. Ila sehemu kubwa ya sumukuvu nayo hukaa kwenye pumba na kiini hichohicho. Maana yake, dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe ya mahindi mabovu. Ushauri wangu: kula dona, lakini ya mahindi uliyoyachambua mwenyewe kwenye ungo ukayapeleka mashineni. Na kwa kuwa kiini kina mafuta, dona huchacha upesi. Saga ya wiki mbili, usisage ya miezi miwili.

Ukinunua unga wa pakiti, tafuta alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu sumukuvu kuzidi mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi. Tazama pia nembo ya kuongezwa virutubishi, yaani unga umetiwa madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kwa mama mjamzito nembo hiyo ni muhimu sana.

Karanga zichambue kwa ukali zaidi ya mahindi. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye unga wa kijivu, itupe. Usimpe hata kuku. Karanga zilizosagwa tayari sizinunui kabisa, kwa sababu huoni kilichosagwa. Na ukiona unga wa lishe ya mtoto unauzwa kwenye ndoo iliyo wazi, umechanganywa mahindi, karanga na vingine ambavyo hukuviona, nakusihi uupite. Mtoto wa miezi minane anakula uji huo mara tatu kwa siku na hana chakula kingine cha kumpunguzia sumu. Nunua kila kitu kizima, chambua, kaanga, saga.

Mchele hauna hatari kubwa hivyo, una ulaghai tu. Jina la Kyela huandikwa hata kwenye mchele ambao haukutoka huko, hivyo amini pua yako: chukua kiganjani, upashe joto kwa pumzi, unuse. Uliza kama ni mpya au wa zamani. Mpya hushikana, unafaa wali wa nazi laini au bokoboko. Wa zamani huvimba na kuachana, ndio wa pilau. Maharage nunua ya aina moja na ya msimu mmoja, maana yakichanganywa na ya zamani mengine yatavurugika wakati mengine bado magumu, na mkaa unaisha.

Hatua ya 3: Samaki

Miaka michache iliyopita nilitoka kazini nimechoka, nikanunua vibua saa 11 jioni kwenye meza ya kando ya barabara. Walikuwa na rangi nzuri na hawakuwa na harufu kali. Nikawakaanga mpaka wakakauka. Nusu saa baada ya kula, mwanangu wa kati akasema midomo inamwasha. Uso ukavimba vipele, kichwa kikamgonga, na mimi mwenyewe nikaanza kuhisi joto shingoni. Nilidhani ana mzio. Pale zahanati daktari alituuliza swali moja tu: mmekula samaki gani, na alikuwa na barafu?

Ndipo nilipojifunza kwamba vibua, jodari, nguru na dagaa wa baharini, wakikaa kwenye joto, hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, ndani ya nyama yao. Ikishatengenezwa, haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Samaki anaweza kuonekana mzima na bado akakuwasha. Dawa pekee ni barafu tangu anapotolewa majini. Samaki wa aina hizo asiye na barafu juu na chini yake, baada ya saa 4 asubuhi, kwangu hanunuliwi hata kwa nusu bei.

Kwa samaki yeyote fuata mpangilio huu. Tazama macho: yawe yamejaa na kung'aa, si yaliyozama na kuingia ukungu. Inua kifuniko cha shavu uone matamvua: mekundu au ya waridi, yenye maji; yakiwa kahawia au yenye ute mzito, amelala. Bonyeza ubavuni kwa kidole: nyama irudi mahali pake. Magamba yawe yameshika, tumbo lisiwe limepasuka. Mwisho nusa, na unuse kwenye matamvua, si mgongoni walikommwagia maji. Samaki mpya ananukia bahari.

Pale Feri mnada huanza asubuhi na mapema, na mtu mmoja hawezi kumaliza tenga. Ungana na majirani wawili watatu, nunueni pamoja, mgawane hapohapo. Mpe mparaji amtoe magamba na matumbo mbele yako, kisha muweke kwenye ndoo yenye barafu kabla ya kupanda daladala.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo siku za mbalamwezi hupungua na bei hupanda. Ukinunua wengi wakati wa giza unapata wapya na wa bei nafuu. Chagua waliokauka wakavunjika kwa mlio, wenye rangi ya fedha, vichwa vimeshika. Waliogeuka njano wana mafuta yaliyochacha. Kisha sugua konzi moja juu ya karatasi nyeupe: mchanga ukidondoka, walianikwa chini ufukweni, wa kwenye vichanja hawana mchanga. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ana kalisi nyingi, na kwa pesa ya robo kilo ya nyama unalisha nyumba nzima siku mbili.

Sato na sangara wa Mwanza wanasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutufikia. Hilo si kosa, mradi wamesafiri wameganda. Kinachonitia shaka ni samaki aliyeyeyuka akagandishwa tena: utaona barafu imejikusanya upande mmoja, nyama imelegea na maji ya pinki yameganda chini ya mfuko.

Hatua ya 4: Nyama, kuku, mayai

Nyama nunua asubuhi, buchani penye muhuri wa mkaguzi unaoonekana kwenye paja au bega. Iwe nyekundu, imekauka juu kidogo, haitiririki maji. Mafuta ya manjano yasikutishe. Ng'ombe aliyekula majani ndivyo alivyo. Omba ikatwe kutoka kwenye paja linaloning'inia, usikubali vipande vilivyokwisha kukatwa mezani. Kwa wanaokula nguruwe: ukiona vijipunje vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, hayo ni mayai ya tegu yaliyokwisha kuwa viluwiluwi. Usinunue hata kipande.

Kuku hai mshike. Kidari kiwe na nyama, macho makavu, puani pasiwe na kamasi, na manyoya ya nyuma yasiwe na mharo. Kwa kuku wa kisasa muulize mfugaji alimpa dawa lini mara ya mwisho. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na mfugaji makini anazijua.

Yai liweke kwenye bakuli la maji. Likilala ni jipya, likisimama liliwe leo, likielea litupe. Rangi ya kiini inatokana na chakula cha kuku, kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya unjano tu.

Hatua ya 5: Mboga na matunda

Swali la "imetoka wapi" lina uzito kuliko kote linapofika kwenye mchicha. Mabonde ya mjini kama Msimbazi hupokea majitaka na maji ya viwandani, na mboga inayomwagiliwa maji hayo hunyonya metali nzito mpaka ndani ya jani. Vijidudu utaviosha, metali huwezi. Siwalaumu wanaolima pale, wanatafuta riziki, lakini mtoto wangu simlishi. Nina muuzaji mmoja anayeleta kutoka kwa mkulima mwenye kisima, na namfuata hata akihama meza.

Muuzaji hunyunyizia maji mboga ili zionekane mpya, basi usitazame majani ya juu. Tazama ulikokatwa mkato: ukiwa na rangi mbichi umekatwa leo, ukiwa umekauka na kuwa kahawia ni wa jana au juzi. Matundu machache ya wadudu hayana ubaya wowote.

Nyanya zenye vumbi jeupe la kibuluu karibu na kikonyo zimepuliziwa dawa karibuni. Kama huna nyingine, zisugue kwa mkono kwenye maji yanayotiririka, kisha menya. Chagua ngumu kiasi, nusu za leo na nusu ambazo bado hazijaiva vizuri.

Matunda yapime kwa uzito. Chungwa, nanasi, tikiti: lililo zito kuliko umbo lake lina maji. Tikiti lililoivia shambani lina doa la manjano upande uliolala chini. Parachichi libandue kikonyo: chini yake pakiwa na rangi ya kijani ni zima, pakiwa na kahawia ndani limeharibika. Nazi itikise sikioni, maji yacheze, na macho yake yawe makavu bila ukungu. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani kina sumu, kiache. Kitunguu kiwe na shingo nyembamba iliyokauka.

Fuata msimu. Embe za Desemba na machungwa ya Muheza yakijaa sokoni ni matamu na bei iko chini. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na bila kufuata msimu, kwa familia kubwa haiwezekani.

Hatua ya 6: Mafuta, chumvi, viungo na vya pakiti

Alizeti ya Singida ni mafuta mazuri, ila yale yanayopangwa kando ya barabara kwenye chupa za maji zilizotumika yamepigwa na jua siku nzima. Jua huyachachua na kuua vitamini E. Nunua yaliyokaa kivulini. Onja tone: yakikwaruza koo, yamechacha.

Chumvi iwe yenye madini joto, na ifunikwe nyumbani. Isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate na vidonge vya supu.

Viungo nunua vizima. Pilipili manga huchanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa: tia kwenye maji, punje nzima nzuri nyingi huzama, mbegu za papai huelea. Karafuu ibonyeze kichwa kwa ukucha, itoe mafuta. Unga wa binzari unaong'aa kupita kiasi uache dukani.

Kwenye pakiti soma orodha ya viambato. Cha kwanza kuandikwa ndicho kilichomo kwa wingi. "Juisi ya embe" na "kinywaji chenye ladha ya embe" ni vitu viwili tofauti, na cha pili mara nyingi ni maji na sukari. Kopo lililovimba au lenye kutu kwenye maungio usilinunue kwa bei yoyote.

Hatua ya 7: Ukirudi nyumbani

Usikae kwanza. Samaki na nyama zigawe kwa mlo mmoja mmoja, ziingie kwenye friza ndani ya saa ya kwanza. Mboga usizioshe kabla ya kuhifadhi. Pangusa udongo, zifunge kwenye kitambaa kikavu. Vitunguu vikae mbali na viazi, vikikaa pamoja vinachipua. Mahindi na maharage yaanike tena nusu siku juu ya turubai, yapoe, ndipo yaingie kwenye chombo kinachofunga, au ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu kwa kuwanyima hewa bila dawa yoyote. Gunia liwe juu ya mbao, lisigusane na ukuta.

Bandika tarehe kwenye kila kopo, la zamani mbele, jipya nyuma. Kisha panga wiki kwa kinachoharibika upesi: Jumamosi hii samaki na mchicha, Jumapili nyama na matembele, Jumatatu mayai na kabichi, na kuanzia Jumanne maharage, dagaa na maboga, ambavyo vinaweza kungoja.